Kutoka Wodini Hadi Uwanjani

Ludwig Guttmann hakuwa akitafuta mabingwa. Alipofungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury nchini Uingereza, tarehe 1 Februari 1944, shida yake ilikuwa wagonjwa wake wasife. Askari aliyevunjika mgongo siku zile alihesabiwa kuwa marehemu ambaye bado anapumua. Risasi haikumuua. Alikufa kwa vidonda vya kulalia vilivyooza, au kwa maambukizi ya kibofu yaliyopanda hadi kwenye figo. Wengi walifungwa plasta, wakapewa dawa ya kutuliza maumivu, wakawekwa pembeni wasubiri siku yao.

Daktari huyu alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Tost huko Silesia mwaka 1899, wakati eneo hilo lilipokuwa chini ya Ujerumani. Alikuwa amejijengea jina Breslau kama bingwa wa mishipa ya fahamu, mpaka Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 na kumwondoa kazini. Akabaki kutibu katika hospitali ya Wayahudi. Usiku ule wa Novemba 1938 ambapo masinagogi yalichomwa moto Ujerumani nzima, aliamuru kila anayebisha hodi hospitalini alazwe bila kuulizwa anaumwa nini. Asubuhi Gestapo walipofika, aliwazungusha kitanda kwa kitanda akieleza magonjwa ya kila mmoja, mengine ya kubuni palepale. Kati ya watu 64 aliwaokoa 60. Machi 1939 akakimbilia Uingereza na familia yake.

Dawa yake kubwa pale Stoke Mandeville haikuwa ya ajabu. Kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Guttmann mwenyewe alipita wodini usiku wa manane kuhakikisha, na si wauguzi wote waliompenda kwa hilo. Wagonjwa wakaanza kupona, na hapo ndipo tatizo jipya lilipojitokeza: mtu mwenye miaka 22 ambaye hafi, lakini hatatembea tena, afanye nini na siku yake? Akawapeleka karakana ya useremala na ya kutengeneza saa. Kisha akawakuta baadhi yao uani wakiwa kwenye viti vya magurudumu, wanagombea kipande cha mbao kwa bakora zao za kutembelea, kwa fujo na vicheko. Aliona mikono inafanya kazi na mapafu yanapanuka, na wagonjwa wamesahau kulalamika. Mchezo ule wa bakora uliachwa kwa sababu uliumiza watu, ukaja mpira wa kikapu, na kabla ya hapo upinde na mishale.

Mishale haikuchaguliwa ovyo. Kuvuta upinde kunajenga mabega, mgongo wa juu na mikono, yaani vile viungo ambavyo aliyepooza miguu anavitegemea kujiinua kutoka kitandani. Tena ni mchezo ambao aliyekaa anaweza kumshinda aliyesimama bila kuonewa huruma.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Mfalme George VI alipofungua Michezo ya Olimpiki uwanjani Wembley, London, washindani 16 walilenga shabaha kwenye majani ya Stoke Mandeville: wanaume 14 na wanawake wawili, timu moja ya wenyeji na nyingine kutoka nyumba ya askari majeruhi ya Star and Garter, Richmond. Tarehe haikuangukia hapo kwa bahati. Guttmann alikuwa na kiburi cha mtu anayejua anachofanya, na alianza kusema hadharani kwamba siku moja michezo yake itakuwa Olimpiki ya waliopooza. Watu walimwonea haya. Wagonjwa wake walimwita Poppa.

Hapa naomba nikate maneno kidogo, kwa sababu hadithi hii husimuliwa kana kwamba kabla ya Stoke Mandeville hapakuwa na kitu. Viziwi walitangulia kwa miaka 24. Agosti 1924, jijini Paris, Mfaransa Eugène Rubens-Alcais, yeye mwenyewe kiziwi, aliwakusanya wanamichezo 148 kutoka nchi tisa kwa mashindano yao wenyewe. Tofauti yao na wale wa Guttmann ni kubwa: michezo ya viziwi iliasisiwa na kuendeshwa na viziwi. Ile ya viti vya magurudumu ilizaliwa na daktari, ikalelewa na madaktari, na kwa zaidi ya miaka 30 mwanamichezo alibaki kuwa mgonjwa mwenye namba ya faili. Kwa maoni yangu, historia yote iliyofuata ni ya mgonjwa huyo kujitoa polepole mikononi mwa tabibu aliyemwokoa.

Mwaka 1952 walikuja maaskari wastaafu kutoka Uholanzi, na mashindano yakawa ya kimataifa. Mwaka 1960 yalihamia Roma, wiki chache tu baada ya Olimpiki, yakakusanya wanamichezo 400 kutoka nchi 23. Leo hii ndiyo inayohesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Kijiji cha wanamichezo kilikuwa na ngazi kila mahali, ikabidi askari wa Italia wawabebe washindani juu na chini, kiti na mtu wake. Huko ndiko Margaret Maughan alikopata dhahabu ya kwanza ya Uingereza. Alikuwa mwalimu aliyepooza mwaka mmoja tu kabla, baada ya ajali ya gari huko Malawi, wakati huo ikiitwa Nyasaland. Alimaliza kurusha mishale yake, akapanda basi kurudi kijijini bila kujua matokeo, na watu wakaanza kumtafuta huku na huko ili apewe medali. Katika kuogelea kwa mgongo alipata dhahabu nyingine kwa sababu ndogo tu: alikuwa peke yake majini. Miaka 52 baadaye, London 2012, yeye ndiye aliyewasha mwenge wa ufunguzi mbele ya uwanja uliojaa.

Tokyo ilipokea michezo mwaka 1964 kwa juhudi za daktari Yutaka Nakamura, aliyekuwa amekwenda kujifunza kwa Guttmann. Wajapani 53 walioshiriki wengi wao walitolewa moja kwa moja kwenye vitanda vya hospitali na nyumba za matunzo. Kilichowashangaza si kasi ya wageni. Walishangaa kusikia kwamba wageni hao wana kazi, wana magari, wana wake na waume, na jioni wanakwenda kunywa bia. Mwaka uliofuata Nakamura alianzisha kule Beppu kiwanda cha kuajiri watu wenye ulemavu, na kipo hadi leo.

Baada ya Tokyo mambo yalirudi nyuma. Mexico City ilikataa mwaka 1968, michezo ikaenda Tel Aviv. Mwaka 1972 Olimpiki ilikuwa Munich, lakini walemavu walipelekwa Heidelberg. Mwaka 1980 Moscow nayo haikuwataka, wakakaribishwa na mji wa Arnhem, Uholanzi. Kwa miaka ishirini Paralimpiki ilikuwa mgeni wa kugongagonga milango.

Heidelberg ndiko Kenya na Uganda zilikoingia kwa mara ya kwanza, mwaka 1972. Tanzania ilisubiri hadi Barcelona 1992. Katikati hapo kuna mwaka 1976, ambao kwetu una visa viwili vya ajabu. Cha kwanza ni Toronto. Waandaaji waliipokea timu ya Afrika Kusini kwa kuwa ilichanganya weupe na weusi. Serikali kadhaa zilisema ubaguzi wa rangi haufutwi kwa timu moja, zikawaondoa wanamichezo wao. Kenya ilikuwa miongoni mwao. Kwa mara ya kwanza wanamichezo walemavu waligomewa na kugomeshwa kama wenzao wa Olimpiki, na ingawa iliwauma waliokuwa wamejiandaa, ilikuwa dalili kwamba sasa serikali zinayaona mashindano haya kuwa kitu cha kugombaniwa.

Kisa cha pili ni cha theluji. Februari mwaka huohuo, Örnsköldsvik, Sweden, ilifanyika Paralimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, na katika mbio za kuteleza kwa mbao alikuwamo Mganda asiyeona, Tofiri Kibuuka. Mwaka 1969 alikuwa katika kundi la vijana wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania waliofika kilele cha Kilimanjaro. Baadaye alihamia Norway na kuishindania nchi hiyo. Kwa miaka zaidi ya ishirini hapakutokea Mwafrika mwingine kwenye Paralimpiki ya theluji.

Toronto iliacha jambo jingine kubwa. Mpaka hapo michezo ilikuwa ya waliopooza kwa uti wa mgongo tu, na Guttmann hakuwa mwepesi kuwafungulia wengine. Mwaka 1976 wakaingia waliokatwa viungo na wasioona, na Arnhem wakafuata wenye mtindio wa ubongo. Guttmann alifariki Machi 1980, miezi michache kabla ya Arnhem. Seoul 1988 ilirudisha michezo yote miwili kwenye mji mmoja na viwanja vilevile, na tarehe 22 Septemba 1989, Düsseldorf, ikaundwa Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki. Mwaka 2001 urais wake ulichukuliwa na Philip Craven, Mwingereza aliyepooza akiwa na miaka 16 baada ya kuanguka mwambani, akaja kuwa mchezaji wa kikapu wa kiwango cha juu. Hatimaye mchezaji alikaa kwenye kiti cha daktari. Mwaka huohuo Kamati ya Olimpiki ilikubali kwamba mji utakaoomba Olimpiki unaomba na Paralimpiki. Habari ya kubisha hodi ikaisha.

Kadiri milango ilivyofunguka, swali la nani ashindane na nani likawa gumu. Zamani daktari alitazama faili: pingili ipi imevunjika, basi kundi lako hili. Katika miaka ya themanini na tisini mfumo ukageuka, wakaanza kupima kile mwili unachoweza kufanya katika mchezo husika. Ndipo zikaja herufi na namba tunazozisikia kwenye matangazo: T kwa mbio na siku hizi kuruka pia, F kwa kurusha, 11 kwa asiyeona kabisa, 46 kwa mwenye kasoro ya mkono. Kila namba ni mpaka, na kila mpaka una watu wanaojaribu kuuvuka kwa hila. Sydney 2000, timu ya Hispania ya kikapu cha wenye ulemavu wa akili ilitwaa dhahabu, kisha ikabainika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wowote. Walioadhibiwa zaidi ni wasio na hatia: kundi zima la wenye ulemavu wa akili lilifungiwa nje ya Paralimpiki hadi London 2012.

Sydney hiyohiyo ilimleta Henry Wanyoike. Alikuwa mkimbiaji chipukizi wa Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, mpaka siku moja mwaka 1995 alipopatwa na kiharusi na kuamka haoni. Alijifunza kuishi upya katika chuo cha wasioona Machakos. Katika mbio za mita 5,000 mwanariadha wa T11 hufungwa kamba fupi na mwelekezi anayeona. Kanuni hairuhusu mwelekezi kumvuta. Wanyoike alikuwa anaongoza kwa mbali pale mwelekezi wake, aliyekuwa mgonjwa, alipoishiwa nguvu katika mzunguko wa mwisho. Asiyeona akamburuta anayeona hadi kwenye mstari, akachukua dhahabu. Athens 2004, akiwa na rafiki yake wa utotoni Joseph Kibunja, alishinda mita 5,000 na 10,000, zote kwa rekodi ya dunia. London 2012 Samwel Mushai Kimani aliendeleza palepale kwa dakika 3 na sekunde 58.37 katika mita 1,500, na mwelekezi wake James Boit naye akavishwa medali.

Tazama medali za Afrika Mashariki na utaona zinafuata njia moja. Ni za wasioona na za wenye kasoro ya mkono: David Emong wa Uganda, fedha ya mita 1,500 kule Rio, Jean de Dieu Nkundabera, shaba ya mita 800 mwaka 2004, medali ya kwanza ya Rwanda. Ukisikia mtu anasema ni kipaji cha nyanda za juu, mkubalie nusu. Nusu ya pili ni kwamba kamba ni bei rahisi. Kiti cha kushindania mbio na mguu wa kaboni vinagharimu maelfu ya dola. Anne Wafula Strike, aliyepata polio utotoni huko Bungoma, aliiwakilisha Kenya kwenye mbio za viti Athens 2004, lakini mchezo wenyewe alikuwa ameupatia Uingereza baada ya kuhamia huko. Rwanda ilitafuta njia yake kwenye mpira wa wavu wa kukaa, ambao unahitaji mpira, neti iliyoshushwa na sakafu. Timu yao ya wanaume iliyokwenda London ilikuwa na Dominique Bizimana, askari wa zamani wa kundi la RPF katika vita vya Rwanda, na Jean Rukondo, aliyepigana upande wa pili wa vita hivyohivyo. Kila mmoja alikuwa amepoteza mguu.

Kiwango nacho kimepanda. Rio 2016, wakimbiaji wanne wa kwanza wa mita 1,500 kundi la T13, wote wenye uoni hafifu, walimaliza kwa muda bora kuliko ule uliompa Matthew Centrowitz dhahabu ya Olimpiki mwezi uliotangulia. Fainali ya Centrowitz ilikuwa ya kuviziana na ilikwenda polepole mno, hilo liwekwe wazi. Hata hivyo Abdellatif Baka wa Algeria alikimbia 3:48.29.

Kwetu shida ya sasa iko kwenye ratiba. Mita 10,000 ambazo Wanyoike alizishinda Athens hazimo tena tangu London 2012, na mbio ndefu za uwanjani zimebaki chache. Kenya, iliyozoea kurudi na dhahabu kadhaa, ilitoka Tokyo 2020 na shaba moja ya Nancy Chelangat Koech katika mita 1,500 za wasioona. Paris 2024 ilipata medali moja pia, fedha ya Samson Ojuka, na aliipata kwa kuruka chini kundi la T37.