Fisi Wawili Bila Jina

Hapa kambini Rusizi, kijana mmoja aliniletea mchoro: fisi amevaa koti zuri, amemshika mkono fisi mwenzake, dume kwa dume. Akasema, "Kaka, utie kwenye kijitabu, lakini jina langu usiandike." Sikumuuliza kitu. Nilikumbuka historia moja tu, na ndiyo hii.

Mwaka 1976 huko Minneapolis, Marekani, wachoraji Reed Waller na Ken Fletcher walianzisha kijitabu kinaitwa Vootie. Ndani yake wanyama waliishi kama watu, kama vile Sungura na Fisi wa hadithi za bibi zetu. Mwaka 1984 kikafuata kingine, Rowrbrazzle. Utaratibu ulikuwa hivi: kila mwanachama anachora au anaandika kurasa zake, anatoa nakala, anamtumia mtu mmoja. Huyo anaziunganisha zote, kisha kila mmoja anapata kitabu kizima. Basi, kadi yako ya uanachama ilikuwa kazi ya mikono yako.

Mashabiki wa wanyama hao waliitwa mafuri. Mwaka 1989 Mark Merlino na Rod O'Riley, wanaume wawili waliokuwa wapenzi, waliwaandalia mkutano wao wa kwanza, ConFurence, kule California. Walikuja watu kama 65 tu. Ugomvi nao ukafika: mwaka 1998 kundi la Burned Furs lililalamika kwamba mambo ya mapenzi yanawachafulia wote jina. Baada ya miaka michache kundi lile likaisha. Mafuri wapo hadi leo, na wengi wao ni watu wanaopenda jinsia yao.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Mwaka 2014, kundi la Nest la Nairobi lilitoa filamu Stories of Our Lives, hadithi za Wakenya wa namna hiyo. Mwanzoni watengenezaji walificha majina. Bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku. Mwaka 2015 ikapata tuzo Berlin.

Rwanda haina sheria ya kumfunga mtu kwa jambo hilo. Lakini kambini hema na hema zimebanana, na maneno yanatembea haraka.

Mchoro nimeutia, bila jina. Ninyi wa mashirika, msituulize fisi ni nani. Mtuletee karatasi na kalamu za rangi, wengine nao wachore.