Kifo cha Digit na Biashara ya Huruma

Mwaka 2018, waliotazama mpira wa Uingereza katika baa za Gisimenti, pale Remera jijini Kigali, walianza kuyaona maneno ya kutangaza utalii wa Rwanda kwenye mkono wa jezi za Arsenal. Tangazo hilo lilikuwa la raha: karibu, utafurahi. Miaka 40 kabla yake, dunia ilikuwa ikiombwa fedha kwa ajili ya wanyama wa Rwanda kwa njia ya kilio. Nadai kwamba safari hiyo, kutoka kilio hadi karamu, haikutokana na kubadilika kwa ladha za watangazaji tu. Kilichobadilika ni mwenye mamlaka juu ya picha ya mnyama, yaani yule anayeamua ionyeshe nini na ifiche nini.

Kilio kilikuwa na jina: Digit. Alikuwa gorila dume katika kundi lililofuatiliwa na Dian Fossey, Mmarekani aliyeanzisha kituo cha utafiti cha Karisoke mwaka 1967. Uso wa Digit ulikuwa umekwisha kutumika kwenye bango la ofisi ya utalii ya Rwanda, likiwaalika wageni waje kumwona. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili walimuua kwa mikuki, wakamkata kichwa na mikono. Habari ilisomwa na Walter Cronkite katika televisheni ya CBS, na mwaka 1978 Fossey akaanzisha mfuko wa michango uliopewa jina la marehemu. Fossey alikuwa amewapa gorila majina kama watoto wa jirani, mengine ya Kiswahili, kama Macho na Simba, na hapo ndipo nguvu ya mwito wake ilipokuwa. Takwimu za spishi inayopungua zilikuwepo na hazikumliza mtu. Msiba wa mmoja mwenye jina na sura uliwaliza watu wasioweza hata kuionyesha Rwanda kwenye ramani.

Lakini msiba huchagua mkosaji. Mwaka 1969 takriban hekta 10,000, karibu sehemu mbili kwa tano za hifadhi ya Volkano, makao ya gorila hao, zilikatwa na kugawiwa kwa kilimo cha pareto, katika mradi uliofadhiliwa kutoka Ulaya. Pareto hutengenezewa dawa ya kuua wadudu, na soko lake lilikuwa ng'ambo. Pigo hilo lilikuwa kubwa kuliko mkuki wowote, ila ardhi iliyolimwa haina uso wa kupigwa picha. Hivyo katika macho ya mchangiaji adui akabaki jangili, mara nyingi mtu fukara aliyetega paa na pongo, na gorila akanaswa mkono katika mtego ambao haukuwa wake.

Atasema mtu: bila machozi hayo gorila wangekwisha. Ni kweli, na sipunguzi uzito wake. Hesabu ya 1981 ilikuta gorila 254 tu katika milima ya Virunga, na doria za kung'oa mitego zinahitaji mishahara. Hata hivyo huruma ileile ililipia njia mbili zilizopingana. Fossey alitaka doria na hakuwapenda watalii. Bill Weber na Amy Vedder, katika mradi ulioanza 1979, waliongeza elimu kwa wenyeji na utalii wa kulipia, kwa hoja kwamba mkulima asiyenufaika na msitu hatautetea. Historia imewaunga mkono hao wawili. Mwaka 2018 gorila wa milimani duniani walikuwa wamepita 1,000, na daraja lao la hatari likashushwa.

Serikali ilipoanzisha mwaka 2005 Kwita Izina, hafla ya kuwapa majina watoto wa gorila, ikiichukua desturi ya Wanyarwanda ya kumpa mtoto jina mbele ya jamaa na majirani, ilimtwaa gorila mwenye jina kutoka matangani na kumleta kwenye sherehe. Wapo wanaosema hayo nayo ni matangazo, yenye watu mashuhuri na kamera. Naam, ni matangazo, na yanacheza na hisia vilevile. Tofauti ni kwamba hapa bei iko wazi: kibali cha kuwaona gorila kilipanda mwaka 2017 kutoka dola 750 hadi 1,500, na mgawo wa jamii zinazopakana na hifadhi ukatoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato. Mwenye kuomba machozi hakuwahi kulazimika kutaja asilimia ya jirani. Sasa kuna mpango wa kuipanua tena hifadhi, na kaya za wakulima zitahama ili msitu urudi. Kwa kaya hizo, asilimia 10 ni kidogo.