Alienware: Kompyuta ya gemu iliyozaliwa Miami, sasa ni ya Dell

Uko Tunduma, umeonyeshwa laptopu mtumba yenye nembo ya kichwa cha kiumbe wa anga za mbali? Usitoe hela kwanza, ijue historia yake.

Alienware ilianzishwa Miami, Marekani, mwaka 1996 na marafiki wawili, Nelson Gonzalez na Alex Aguila. Walikuwa wanaunda kompyuta za gemu zenye nguvu, kwa oda ya mteja. Area-51 ndiyo ikawapa jina.

Mwaka 2006 Dell ikainunua kampuni, jina likabaki.

Hapo ndipo utamnasa tapeli. Nembo mtu anabandika tu, ila laptopu za zama za Dell zina namba ya Service Tag. Iingize kwenye tovuti ya Dell. Ikileta modeli nyingine, achana nayo.