Sumu isiyokuwa ndani ya sahani

Watu wanne wanakula kalanga kwenye sahani moja. Watatu wanainuka salama. Wa nne anaanza kujikuna, midomo inavimba, pumzi inakatika, anaanguka. Mashariki mwa Congo, iwe mtaani ao kwenye kambi ya wakimbizi wa vita, neno la kwanza linalosikika mara nyingi ni sumu. Na aliyepika anaanza kutafutwa.

Kushtaki sumu hakukuanzia Kivu. Mwaka wa 1896, mjini Berlin, Ujerumani, mtoto mdogo wa muganga mmoja alipigwa sindano ya seramu ya kumkinga na ugonjwa wa difteria. Alikufa dakika chache baadaye. Baba yake, msomi wa udaktari, alitangaza hadharani kwamba mtoto ameuawa na sumu ya seramu. Lakini seramu ile ile, iliyotengenezwa kwa damu ya farasi, ilikuwa inaokoa watoto wengine wengi sana. Kama ni sumu, mbona inachagua?

Jibu lilianza kupatikana kwa bahati, na lilianzia baharini. Mwaka wa 1901, Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco, alisafiri katika Atlantiki na meli yake ya uchunguzi. Alichukua Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, akawaomba wachunguze sumu ya mnyama wa bahari mwenye nyuzi ndefu zinazochoma ngozi kama moto. Waliporudi Ufaransa hawakuweza kumpata mnyama huyo. Wakachukua jamaa yake, yule anayeshikamana na mawe chini ya maji na kufanana na ua, wakatoa sumu yake na kuwapiga mbwa sindano. Walitaka kujua ni kipimo gani kinaua.

Mbwa waliopona walitunzwa, wakatumiwa tena. Mmoja aliitwa Neptune, mkubwa, mwenye afya nzuri. Sindano ya kwanza haikumfanya kitu. Baada ya wiki zaidi ya tatu akapewa tena kipimo kidogo. Kwa akili ya chanjo, mwili ulioonja adui mara moja unajua kumshinda mara ya pili. Ikawa kinyume. Ndani ya sekunde chache Neptune alianza kuhema, miguu ikalegea, akalala ubavu, akahara, akatapika damu. Baada ya dakika 25 alikuwa amekufa.

Februari 1902 watafiti hao wawili walitangaza jambo hilo mjini Paris. Richet alilipa jina la anafilaksi, neno la Kigiriki lenye maana ya kinyume cha kinga. Mwaka wa 1913 alipewa tuzo la Nobel, peke yake. Portier, aliyefanya kazi ile pamoja naye, hakupewa.

Mjini Vienna, Clemens von Pirquet na mwenzake Béla Schick walikuwa wanaangalia watoto waliougua baada ya kupewa seramu ya farasi. Pirquet ndiye aliyeleta neno alerji, mwaka wa 1906: mwili uliokutana na kitu unabadilika, na safari ijayo unajibu kwa namna nyingine.

Lakini ni nini kinachobadilika? Mwaka wa 1921 Heinz Küstner, muganga ambaye samaki ilimvimbisha na kumtapisha, alitoa damu yake. Mwenzake Carl Prausnitz, ambaye samaki haikumfanya kitu, alichukua maji ya damu hiyo na kujipiga nayo sindano kwenye ngozi ya tumbo. Kesho yake akaweka pale pale dawa iliyotengenezwa kwa samaki. Ngozi ikavimba pale tu. Basi shida haikuwa ndani ya samaki. Ilikuwa ndani ya damu ya Küstner.

Kitu chenyewe kilitambuliwa karibu na 1967, Marekani na Uswidi: ni askari wa mwili anayeitwa IgE. Anajipanga juu ya chembe fulani zilizo kwenye ngozi, mapafu na tumbo. Kalanga, samaki, yai, mchomo wa nyuki ao penisilini inapoingia, chembe hizo zinamwaga histamini na vitu vingine kwa mara moja. Mishipa inalegea, damu inakosa nguvu, njia ya hewa inajifunga. Ndiyo maana aliyekula kalanga miaka mingi bila shida anaweza kuanguka leo, na penisilini iliyomponya jirani ikamwangusha yeye.

Si kila kifo cha ghafula ni alerji, na sumu ya kweli ipo. Lakini mpishi aliyekula sahani ile ile hana cha kujibu, na muda unaopotea kumzunguka kwa maneno na mawe ni muda wa mgonjwa.

Dawa ni adrenalini, ambayo ilitenganishwa karibu na mwaka ule ule wa 1901. Inapigwa kwenye nyama ya paja, upesi, na muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuipiga. Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua aachwe aketi. Asisimamishwe ghafula. Na hata akipata nafuu abaki kituoni kwa saa kadhaa, kwa sababu hali hiyo inaweza kurudi mara ya pili bila yeye kula kitu kingine.