Kumpokea mtoto asiye wako: mambo ambayo mlezi anapaswa kujifunza

Katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, vita na kukimbia-kimbia vimewatenganisha watoto wengi na wazazi wao. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbia usiku, na kulipopambazuka watoto wengi walikutwa peke yao. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, kule Beni na Butembo, watoto wachanga walibaki bila mama kwa sababu mama alikuwa ndani ya kituo cha matibabu. Watu waliokuwa wamepona ugonjwa huo ndio waliokaa nao na kuwalea, maana miili yao ilikuwa na kinga.

Katika shida kama hizo, mara nyingi ni mama au baba wa kanisa anayefungua mlango. Tunamshukuru Mungu kwa mioyo hiyo. Lakini kufungua mlango ni mwanzo tu. Kumlea mtoto aliyeumizwa, na kumrudisha salama kwa watu wake, ni kazi inayohitaji kujifunza.

Jamaa ya mapokezi ni nini?

Ni jamaa inayomkubali mtoto kwa muda, wakati wazazi au ndugu zake wanatafutwa. Katika kazi ya kulinda watoto wengi huiita FAT, kwa kifupi cha Kifaransa. Si sawa na kumfanya mtoto awe wako kabisa. Hilo linapitia tribinali na lina masharti yake.

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Ndiyo pia iliyoweka tribinali za watoto. Kwa hiyo mtoto hapewi mtu kwa mapatano ya mdomo tu, hata kama anayempokea ni mchungaji. Huduma ya Mambo ya Kijamii ijulishwe mapema.

Mwaka huo huo wa 2009, Umoja wa Mataifa ulikubali miongozo juu ya watoto wasio na malezi ya wazazi. Inasema kwamba mtoto mdogo, zaidi yule wa chini ya miaka 3, anafaa kulelewa ndani ya jamaa kuliko ndani ya kituo.

Kwa nini moyo mwema hautoshi

Tufikiri juu ya mama mmoja mwenye upendo. Anapokea mtoto wa miaka minne na kumpa jina jipya, Furaha, ili asahau mabaya. Anamkataza kusema lugha ya kijiji chao. Halafu jamaa inahamia mji mwingine bila kumwambia mtu. Mwaka unaofuata, watu wa Msalaba Mwekundu wanafika wakiwa na jina ambalo mama mzazi aliwapa. Hakuna anayelitambua. Mtoto mwenyewe halikumbuki tena.

Mama huyo hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemfundisha kwamba jina, lugha na kumbukumbu ndogo za mtoto ndiyo njia yake ya kurudi nyumbani.

Masomo ya kwanza

Mafunzo mazuri ya walezi yanagusa mambo haya:

1. *Kuandika kumbukumbu.* Siku ambayo mtoto alipokelewa, mahali alipokutwa, nguo alizovaa, majina anayoyataja, mto, soko au kanisa analolikumbuka. Daftari moja linatosha, likiwekwa vizuri.

2. *Kutambua jeraha la moyo.* Mtoto anakojoa kitandani, anaficha chakula chini ya mkeka, anashtuka mlango ukigongwa, au hasemi kabisa. Huo si ukaidi wala uchawi. Mtoto anayeitwa mchawi anaumizwa mara ya pili, na safari hii anaumizwa na watu waliopaswa kumlinda.

3. *Nidhamu bila fimbo.* Aliyepigwa na watu wenye silaha hatulizwi kwa kupigwa. Saa za kula na kulala zisizobadilika, kazi ndogo za nyumbani, na sauti ya upole humpa usalama.

4. *Ulinzi.* Kama mtoto ametendewa jeuri ya kingono, afikishwe hospitali mbele ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatolewa ndani ya muda huo. Hata kama saa hizo zimepita, apelekwe. Msaada mwingine bado upo. Asihojiwe na kila jirani.

5. *Kutunza siri.* Habari za mtoto hazitolewi kama ushuhuda kanisani, na picha yake haipiti katika simu za watu.

6. *Kuagana.* Mlezi ajifunze tangu siku ya kwanza kwamba mtoto ataondoka. Amtayarishe, na yeye mwenyewe atayarishwe, maana uchungu wa kuachana ni wa kweli.

Masomo hayaishi siku moja

Semina ya siku mbili inaamsha akili, lakini maswali ya kweli yanakuja usiku wa kumi, mtoto anapolia bila kunyamaza. Ndiyo sababu mlezi anahitaji kutembelewa na mfanyakazi wa kijamii nyumbani. Anahitaji pia kukutana na walezi wenzake, tuseme mara moja kwa mwezi, ili waambiane yanayowashinda. Waliolea miaka mingi wanaweza kuwafundisha wapya.

Mafunzo yahusu pia baba wa nyumba na watoto waliozaliwa humo. Mtoto wa nyumba akigawana kitanda na bugali na mgeni, naye ana maswali yake. Asipojibiwa, wivu unaingia.

Kazi ya kusanyiko

Mchungaji na mashemasi wanaweza kufanya mambo manne. Wajue ni jamaa zipi zimepokea watoto, na kama Huduma ya Mambo ya Kijamii inajua. Watoe chumba cha kanisa kwa mafunzo. Wasaidie daftari, sare na sabuni, maana hata pale shule ya msingi ya serikali isipolipiwa, mahitaji hayo yanabaki. Mwisho, wamwangalie mlezi mwenyewe: akichoka, apate mtu wa kumpokea kwa siku mbili, bila kumwona ameshindwa.

Mordekai alimlea Esta, binti wa ndugu ya baba yake, wazazi wake walipokufa. Hata alipochukuliwa nyumbani mwa mfalme, kila siku alipita mbele ya ua ili ajue habari zake. Mlezi mwema ndivyo alivyo: anamfuatilia mtoto, wala hasahau kwamba ana watu wake.