Uji wa Shule Katika Nchi ya Mahindi

Juma hili nataka tuzungumze habari ya uji. Sisemi uji wa mgonjwa wala wa futari. Nasema uji wa mwanafunzi wa shule ya msingi kule Mbeya na Iringa, mikoa inayotulisha sisi wa mijini. Sembe iliyomo jikoni mwako leo huenda imetoka huko.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 uliukuta mkoa wa Iringa ukiongoza nchi nzima kwa watoto waliodumaa: zaidi ya nusu ya walio chini ya miaka mitano. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30.

Kitendawili hiki kilikwisha kuteguliwa zamani. Mwaka 1983 Serikali, ikishirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani ya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito hadharani, na serikali ya kijiji ikatakiwa kujadili matokeo kama inavyojadili mbolea. Ikaonekana kwamba mahindi yalikuwamo nyumbani, ila mtoto alikula mara mbili tu kwa siku. Mama ameondoka na jembe alfajiri, naye mtoto ana tumbo dogo lisiloweza kubeba ugali wa kutwa kwa mkupuo mmoja.

Dawa ilikuwa kumlisha mara nyingi zaidi. Vikaanzishwa vituo vya kulelea watoto mchana, na akina mama wakafundishwa kutia kimea katika uji, kimea kilekile wanachokijua wapika pombe, ili uji uwe mwepesi ingawa unga umejaa. Kufikia mwaka 1988 utapiamlo mkali ulikuwa umeshuka kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Hayo yalifanyika katika miaka ya dhiki, sabuni yenyewe ikitafutwa kwa foleni.

Lakini mzani ule ulikuwa wa walio chini ya miaka mitano. Mtoto alipoanza darasa la kwanza hesabu yake ilikoma, ingawa mama aliendelea kuondoka na jembe alfajiri ileile. Naye mwanafunzi hutoka na baridi ya Julai, pale Uyole au Mafinga, akiwa hajatia kitu kinywani.

Mwaka 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa hadi kidato cha nne. Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kiliachwa mikononi mwa mzazi. Matokeo yake, zipo shule ambako mtoto aliyechangiwa mahindi hupanga foleni na kikombe chake, na asiyechangiwa huambiwa akacheze. Kumwadhibu mtoto kwa gunia ambalo baba yake hakulileta, mimi naona ni ukatili.

Wapo watakaosema wapewe maskini peke yao. Nani atawachagua, na mbele ya nani? Mtoto wa miaka tisa yuko radhi kushinda njaa kuliko kuitwa fukara mbele ya wenzake. Wapewe wote, sufuria moja.

Sisemi kwamba uji wa shule utaondoa udumavu; huo huanza mapema, tangu mimba na miaka miwili ya kwanza. Nasema utaondoa njaa ya asubuhi, ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuifundisha hesabu ikaelewa.

Na gharama? Jirani zetu Kenya walianzisha maziwa ya Nyayo mwaka 1979, bure kwa kila mtoto wa shule ya msingi, yakitegemea hazina ya serikali kuu. Miaka ya 1990 mpango ukafifia. Kwetu Nyanda za Juu mahindi yako mlangoni, na shule nyingi zina mashamba tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea. Kinachokosekana ni sukari, kuni na ujira wa mpishi, na fungu hilo ndilo ningependa kulisikia likisomwa katika bajeti ya kila halmashauri.