Artemi: Jina la Mungu wa Wagiriki Ndani ya Dawa Mseto

Pakiti ya dawa mseto ya malaria yenye alama ya jani la kijani imeingia karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki. Wengi tunaiita ALu, na tumekwisha kuzoea kuitaja kama tunavyotaja chumvi. Lakini ile herufi ya kwanza ni ya artemetha, na ndani ya artemetha kuna jina la mungu wa kike ambaye Wagiriki walimwabudu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Wasomaji wa Biblia walishakutana naye katika sura ya 19 ya Matendo ya Mitume, anapoitwa Artemi wa Waefeso.

Jina hilo limetembea kuliko majina mengi ya kale. Limebebwa na malkia, na mchoraji, na mmea mchungu, na safari ya kuuzunguka mwezi. Kila aliyelichukua alikuwa na haja yake, na mwendo wa jina hilo unastahili kusimuliwa tangu mwanzo.

Katika masimulizi ya Wagiriki, Artemi na Apollo walikuwa mapacha, watoto wa Zeus na Leto, na wengi waliamini kwamba walizaliwa katika kisiwa cha Delos. Artemi alimwomba baba yake asiolewe kamwe, akapewa upinde na mishale, akaishi milimani pamoja na wanyama wa porini. Alikuwa mwindaji, lakini pia mlinzi wa wanyama wachanga. Akteoni, kijana aliyemwona akioga, aligeuzwa kulungu, kisha akararuliwa na mbwa wake mwenyewe.

Sehemu ya habari zake inayonigusa zaidi ni ile ya uzazi. Simulizi moja inasema Artemi alitoka tumboni kwanza, kisha akamsaidia mama yake kumzaa Apollo. Kwa hiyo yeye ambaye hakuzaa ndiye aliyeitwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Huko Brauron, karibu na Athens, waliojifungua salama walimpelekea nguo zao, na orodha za nguo hizo zilizochongwa kwenye mawe katika karne ya 4 KK zipo hadi leo. Mwanamke akifa ghafla, watu walisema amepigwa mshale wa Artemi. Uhai na kifo vilishikwa na mkono uleule, na kwa watu wa enzi ambayo kila uzazi ulikuwa hatari, hapakuwa na ajabu yoyote katika imani hiyo.

Hata hivyo, makao yake makuu hayakuwa katika Ugiriki yenyewe. Yalikuwa Efeso, ng'ambo ya bahari ya Aegea, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Katika karne ya 6 KK lilijengwa huko hekalu kubwa la marumaru, na Croesus, yule mfalme wa Lidia aliyesifika kwa utajiri, alichangia nguzo. Mwaka 356 KK mtu mmoja aitwaye Herostratos alilichoma moto ili jina lake lisisahaulike. Waefeso walipiga marufuku kulitaja, lakini mwanahistoria Theopompus akaliandika, ndiyo maana tunalo. Uovu wa aina hiyo, wa kuteketeza kazi ya vizazi ili mtu mmoja ajulikane, haujaisha duniani.

Waefeso walijenga upya. Aleksanda Mkuu alipojitolea kulipia gharama, walimkatalia kwa adabu, wakisema haifai mungu kutoa sadaka kwa miungu wengine. Hekalu jipya likahesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 BK, alitaja nguzo 127 za urefu unaofika mita 18 hivi. Mahali hapo palikuwa zaidi ya nyumba ya ibada. Matajiri waliweka amana zao humo, na waliokimbia adhabu au kisasi walipata hifadhi.

Artemi wa humo hakufanana na yule msichana wa mishale. Sanamu zake zinamwonyesha amesimama wima, wanyama wamechongwa kwenye vazi lake kutoka kiunoni hadi miguuni, na kifuani pamejaa vitu vya mviringo vilivyopangwa kwa safu. Wataalamu bado wanabishana kama ni matiti, mayai, au korodani za mafahali waliotolewa sadaka. Sanamu mbili nzuri za marumaru zilizofukuliwa mwaka 1956 zimewekwa katika makumbusho ya mji wa Selçuk, jirani na magofu. Ni dhahiri kwamba Wagiriki waliohamia pwani ile walimkuta mungu mama wa wenyeji, wakampa jina la mungu wao.

Ndipo mtume Paulo akafika, katikati ya karne ya 1 BK. Demetrio, mfua fedha aliyetengeneza vihekalu vidogo vya Artemi, aliona mahubiri yale yatamwaga riziki yake na ya mafundi wenzake. Akawachochea, mji ukachafuka, umati ukakimbilia ukumbi wa michezo na kulipigia kelele jina la mungu wao kwa muda wa saa mbili. Ukumbi huo bado upo, na uliweza kuchukua watu wapatao 24,000. Mahubiri mengi humchora Demetrio kama mtu wa tamaa tu. Naamini alitetea ulaji wake, ndiyo, lakini umati ule haukuimba saa mbili kwa sababu ya fedha za wafua fedha. Uliimba kwa sababu mji mzima uliishi kwa jina hilo.

Hekalu liliporwa na Wagothi mnamo mwaka 268 BK na halikurudia hadhi yake. Mawe yakachukuliwa, matope ya mto yakafukia msingi, hata mahali lilipokuwa pakasahaulika. Mwingereza John Turtle Wood alianza kulitafuta mwaka 1863 na kulifikia mwishoni mwa 1869, likiwa chini ya mita kadhaa za udongo. Leo imesimama nguzo moja tu, iliyoungwa kwa vipande.

Lakini jina lilikuwa limekwisha kuhamia kwa watu. Mwaka 480 KK Artemisia, malkia wa Halicarnassus, aliongoza meli tano katika jeshi la Waajemi kwenye vita vya Salamis, na Herodotus, mzaliwa wa mji huohuo, alimsifu kwa ushauri wake kwa mfalme Xerxes. Zaidi ya karne moja baadaye Artemisia mwingine wa mji huo alimjengea mumewe Mausolus kaburi ambalo nalo liliingia katika yale maajabu saba. Na mwaka 1593 alizaliwa Roma msichana aliyebatizwa Artemisia Gentileschi. Alibakwa na mchoraji aliyekuwa akifanya kazi na baba yake, na katika kesi ya mwaka 1612 yeye, aliyedhulumiwa, ndiye aliyebanwa vidole kwa kamba ili kupima kama anasema kweli. Hakubadili neno. Mwaka 1616 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chuo cha sanaa cha Florence, na wanawake aliowachora wana nguvu mikononi.

Angani jina la Artemi lilipanda kupitia kwa pacha wake. Mwaka 1960 Abe Silverstein wa NASA alichagua jina Apollo kwa mradi wa safari za mwezini. Kati ya 1969 na 1972 watu 12 walikanyaga mwezi, wote wanaume. Mwaka 2019 NASA ilipotangaza kurudi huko, na kuahidi kwamba safari hii mwanamke atashuka, jina la dada lilikuwa tayari likisubiri, kwa kuwa Wagiriki na Warumi wa baadaye walikuwa wamekwisha kumkabidhi Artemi mwezi wenyewe. Artemis I iliruka tarehe 16 Novemba 2022 bila mtu ndani, ikauzunguka mwezi na kurejea tarehe 11 Desemba. Chombo chenyewe kinaitwa Orion, jina la mwindaji mwenzake ambaye baadhi ya simulizi zinasema aliuawa na Artemi mwenyewe. Siku mbili baada ya kutua, Rwanda na Nijeria zilikuwa nchi za kwanza za Afrika kutia saini Makubaliano ya Artemis juu ya matumizi ya anga. Na tusisahau kwamba majina ya angani hayakutoka Ugiriki peke yake: setelaiti ya kwanza ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru.

Lakini mahali ambapo jina la Artemi limefanya kazi kubwa kuliko kote ni kwenye mmea. Wagiriki na Warumi waliita artemisia mimea michungu iliyotumiwa kwa maradhi ya wanawake. Pliny alitoa maelezo mawili, kwamba imepewa jina la mke wa Mausolus, au la Artemi kama mlinzi wa uzazi. Mwaka 1753 Linnaeus, Msweden aliyepanga mimea kwa majina ya Kilatini, alilithibitisha kuwa jina la jenasi nzima, yenye spishi mia kadhaa. Pakanga ya Biblia imo katika jenasi hiyo. Spishi moja, Artemisia afra, huota kwenye milima yetu, Kilimanjaro ikiwemo.

Ile iliyobadili historia ni Artemisia annua, ambayo Wachina huiita qinghao. Tarehe 23 Mei 1967, wakati askari wa Vietnam Kaskazini wakifa kwa malaria isiyosikia klorokwini, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523 kwa tarehe yake. Mwaka 1969 Tu Youyou wa Beijing alipewa kuongoza kikundi kilichopekua vitabu vya tiba ya kale. Majaribio ya qinghao yalikuwa yakifaulu leo na kushindwa kesho, mpaka alipotazama upya maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza majani yalowekwe katika maji na kukamuliwa. Hakutaja kuchemsha. Tu akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiua dawa. Akatumia etha, inayochemka kwenye joto dogo, na mwaka 1971 akapata kimiminika chenye artemisinini, dawa inayozaa artemetha na artesuneti, kilichofuta vimelea vyote katika wanyama wa majaribio. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake walikinywa kwanza. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel.

Kwetu faida yake ilichelewa. Klorokwini ilikuwa imeshindwa, watoto wakafa huku wazazi wakiwa na vidonge mkononi. Zanzibar ilihamia dawa mseto mwaka 2003, na kufikia mwanzoni mwa 2007 Kenya na Tanzania Bara zilikuwa zimeanza kuitumia. Wakulima wa Arusha, Kenya na Kabale nchini Uganda walipanda artemisia mashambani. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo: sindano ya artesuneti ilipunguza vifo kwa zaidi ya asilimia 22 ikilinganishwa na kwinini. Kwangu, hayo ni makubwa kuliko hekalu la Efeso na nguzo zake zote.

Dawa ya ALu huchanganywa kwa sababu artemetha huua vimelea kwa kasi, lakini huondoka kwenye damu ndani ya saa chache. Lumefantrini, ile Lu ya jina hilo, hukaa siku kadhaa na kumalizia waliobaki. Ndiyo maana chai ya majani ya artemisia, iliyopata umaarufu mwaka 2020 pale Madagascar ilipoitangaza kwa ajili ya Uviko na Tanzania ikatuma ndege kuifuata, haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge. Kikombe hakina kipimo kinachojulikana, na dawa pungufu huwafundisha vimelea kuishi nayo. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo kwa malaria.

Vimelea vimeshaanza kujifunza. Mabadiliko yanayovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini yameripotiwa Rwanda tangu 2020, kisha Uganda, kisha mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Mseto bado unatibu, lakini tukiupoteza hatuna dawa nyingine ya kumeza iliyokwisha kusambazwa kwa wingi kama huu. Kwa hiyo, msomaji, pima kabla ya kumeza. Ukikutwa na malaria, kunywa dozi zote sita kwa siku tatu pamoja na chakula, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza, na usimwekee mtu vidonge vya akiba.